Mtego wa chini umefurika, wa juu mtupu: kusaka kosa katika vipimo vya udongo unaopeperushwa na upepo

Dhoruba imepita, umeshusha mitego kutoka kwenye mlingoti, umepima uzito, na sasa namba ziko mbele yako lakini hazipangiki. Mtego wa sentimita 50 umekamata kidogo kuliko wa mita moja. Au wa chini kabisa una gramu mara ishirini ya jirani yake. Ni rahisi kuusingizia upepo: siku hiyo ulivuma kwa mapigo, ulibadili mwelekeo, ulikuwa na mambo yake. Huenda ni kweli. Lakini mara nyingi kosa limekaa mahali pa kawaida zaidi: kimo, kinywa cha mtego, chupa, mizani au hesabu. Namba zenyewe, ukizichora vizuri, zitakuonyesha pa kuanzia kutafuta.

Mwongozo huu ni kwa anayepima kwa mitego iliyopangwa kwa vimo mbalimbali kwenye mlingoti mmoja, pamoja na vihisi vichache vya umeme.

Kwanza, sura ya vipimo vyenye afya

Upepo husafirisha udongo kwa njia tatu. Chembe kubwa, kuanzia takriban milimita 0.5, ni nzito mno kuinuka. Huviringika na kusukumwa juu ya ardhi. Za kati, kati ya milimita 0.1 na 0.5, hurukaruka: hunyanyuka, huenda mbele kidogo, huanguka, na zikianguka hugonga nyingine zikaruka nazo. Zilizo laini zaidi huelea hewani na zinaweza kusafiri mbali sana. Kwa kawaida zaidi ya nusu ya uzito wote unaohama ni wa chembe zinazorukaruka, na nyingi kati ya hizo hazivuki sentimita 30 kutoka ardhini. Ndiyo maana kiasi kinachokamatwa huporomoka haraka kadiri unavyopanda, na kila kosa dogo la kimo karibu na ardhi huwa kosa kubwa kwenye jedwali.

Usilinganishe gramu na gramu kabla hujagawanya kwa eneo la kinywa. Mtego wa BSNE, uliopewa jina la mji wa Big Spring, Texas, una kinywa cha sentimita 2 kwa 5, yaani sentimita za mraba 10, ila kuna matoleo ya kuwekwa karibu na ardhi yenye kinywa kidogo zaidi. Mtego wa MWAC ni chupa ya plastiki yenye mirija miwili, mmoja wa kuingiza hewa na mwingine wa kuitoa. Mrija wenye kipenyo cha ndani cha milimita 8 una eneo la takriban sentimita ya mraba 0.5 tu. Ukichanganya aina mbili kwenye mlingoti mmoja na kusahau kugawanya, utatumia siku nzima kutafuta kosa lisilokuwepo.

Tuseme baada ya kugawanya umepata gramu 2.0 kwa kila sentimita ya mraba kwenye kimo cha sm 10, gramu 0.61 kwenye sm 25, gramu 0.25 kwenye sm 50 na gramu 0.10 kwenye mita moja. Chora kwenye karatasi ya logi pande zote mbili, kimo upande mmoja na kiasi upande mwingine. Nukta nne zitakaa karibu kwenye mstari mmoja ulionyooka. Hiyo ndiyo sura unayoitaka. Chini ya sm 10 au hivi mstari huanza kujipinda, kwa sababu huko chembe zinazorukaruka ndizo zinazotawala, na zenyewe hupungua kwa mtindo wa kieksponenti, yaani kwa uwiano uleule kwa kila hatua unayopanda.

Kuanzia hapo uchunguzi unagawanyika. Nukta ya chini imetoka nje ya mstari? Shuku ardhi. Nukta moja ya katikati? Shuku mtego huo na lebo yake. Ya juu kabisa? Shuku mizani, unyevu, au vumbi la kutoka mbali. Na kama mstari umenyooka lakini wote uko chini kuliko ulivyotarajia, tatizo ni la mlingoti mzima au la mahali uliposimikwa.

Mtego wa chini kabisa umezidi au umepungua kupita kiasi

Hapa ndipo ningetumia nusu ya muda wote wa ukaguzi, na ndipo wengi hawapiti kabisa.

Kimo cha mtego hakibaki kilivyo. Mlingoti umesimama palepale, lakini ardhi chini yake inapanda na kushuka. Chukua uwanja ambao karibu na ardhi kiasi hupungua hadi takriban asilimia 37 kwa kila sm 5 unazopanda. Uliweka kinywa kwenye sm 5. Dhoruba ikarundika mchanga wa sm 2 chini yake, kwa hiyo sasa kinywa kiko sm 3 kutoka ardhini na kinakamata mara 1.5 ya kile ulichodhani unapima. Mlingoti wa pili, hatua chache kutoka hapo, ardhi yake imechimbwa sm 2. Kinywa kiko sm 7 na kinakamata theluthi mbili tu. Upepo ni uleule, udongo ni uleule, mitego ni ya aina moja, na bado namba zako zinapishana kwa zaidi ya mara mbili.

Dawa yake ni kupima kimo kabla na baada ya kila dhoruba, kutoka katikati ya kinywa hadi ardhini, na kutumia wastani wa hivyo viwili kwenye hesabu. Wastani hausemi lini hasa ardhi ilibadilika, lakini ni afadhali mara mia kuliko namba iliyoandikwa siku ya kusimika mlingoti. Usipime kando ya nguzo yenyewe. Upepo ukizunguka nguzo huchimba kishimo kwenye mguu wake, na ukisoma kutoka kwenye kile kishimo utaandika kimo kikubwa kuliko cha kweli. Laza rula ndefu au ubao mwembamba ulionyooka, wa kama mita moja, uvuke kishimo na ukae kwenye ardhi ya kawaida pande zote mbili, kisha pima kutoka kwenye ubao huo. Kama mtego una kinywa kirefu cha sm 5, andika pia kingo zake za juu na chini ziko wapi. Kwa mtego wa chini kabisa, tofauti ya kiasi kati ya kingo hizo mbili si ndogo hata kidogo.

Sababu ya pili ni miguu yako. Ardhi nyingi kavu zina ganda jembamba juu, lililofanywa na mvua iliyopita au na viumbe vidogo vya udongo. Ukilivunja kwa buti ukiwa unabadilisha chupa, umefungua chanzo kipya cha mchanga hatua mbili kutoka kwenye kinywa cha chini. Dalili yake ni kwamba mtego wa chini unazidi kidogokidogo kila safari, hali mitego ya sm 50 na mita moja haionyeshi ongezeko. Chagua njia moja ya kufikia mlingoti, iwe upande ambao upepo mkali wa msimu huo hautoki, na uweke ubao wa kusimamia. Wageni wanaokuja kutazama wabaki kwenye njia hiyohiyo, hata kama ni wakubwa wako wa kazi.

Ya tatu: mtego umejaa. Chupa iliyojaa hadi kwenye mrija haipimi tena. Uzito wake ni kiwango cha chini tu cha kilichopita, na usiuingize kwenye mstari kama nukta ya kawaida. Uweke alama, uuache nje, kisha kamilisha mstari kwa mitego iliyobaki. Ikitokea mara mbili, safari zako zina nafasi kubwa mno kati yake.

Ukiona changarawe nene ndani ya mtego wa chini, kinywa kimekaribia ardhi kiasi cha kupokea chembe zinazoviringika. Hizo zina mtego wao, kikopo kilichozikwa mdomo wake ukiwa sawa na uso wa ardhi, na usizijumlishe na zinazorukaruka bila kusema.

Nukta moja katikati imetoka kwenye mstari

Ikiwa iko chini ya mstari, jiulize kwanza kama mtego uliutazama upepo. Mitego mingi huzunguka kwenye ekseli yake kwa msaada wa mkia. Msuguano ukizidi, mtego hukaa ukitazama upande wa dhoruba ya juzi. Ujaribu kwa kidole kimoja: usukume taratibu, uachie, uone kama unazunguka huru na kusimama popote. Kama kila mara unarudi upande uleule, mlingoti umelala kidogo, na mtego unajirudisha kama mlango uliopachikwa upande. Pimamaji kwenye nyuso mbili za nguzo itakwambia mara moja. Kama hauzunguki vizuri popote, fungua beringi. Usiweke grisi wala mafuta. Yanavuta vumbi na baada ya wiki chache una tope gumu ndani ya beringi. Unga wa grafaiti unatosha.

Kisha angalia njia ya hewa. Mtego usiopitisha hewa unasukuma upepo kando ya kinywa chake, na chembe laini hufuata upepo huo zikapita pembeni. Katika BSNE, hewa hutoka kwa juu kupitia wavu wa matundu madogo; mvua nyepesi juu ya vumbi hugeuza wavu huo kuwa ukuta. Brashi laini huusafisha ukiwa mkavu. Ukiwa na tope, ulowanishe kwanza, usikwaruze. Katika MWAC tatizo ni mirija. Ielekeze kwenye mwanga na uchungulie. Utashangaa mara ngapi utakuta nyigu amejenga kiota cha udongo ndani ya mrija wa kutolea hewa, au buibui ametandaza utando wake kwenye kinywa. Mitego inayokaa wiki nyingi bila dhoruba ndiyo inayopata wapangaji hao, kwa hiyo zungukia mlingoti hata pale unapojua hakuna cha kukusanya. Udongo wa kiota cha nyigu, kwa njia, huweza kuwa na uzito kuliko vumbi la mwezi mzima kwenye mtego wa mita moja, na ukiupima pamoja nukta itaruka juu badala ya kushuka.

Nukta iliyo juu ya mstari ina sababu chache. Ya kawaida ni lebo zilizobadilishana. Jaribu kubadilishana mitego miwili ya jirani kwenye grafu: kama nukta zote mbili zinarudi kwenye mstari kwa wakati mmoja, una fununu nzuri. Lakini usibadilishe majina kwa sababu tu grafu imependeza. Tafuta ushahidi wa pili, nao uko ndani ya chupa zenyewe: udongo wa juu huwa laini zaidi kuliko wa chini. Chekecha kiasi kidogo cha kila mmoja, au utazame chini ya lenzi ya mkono. Kama chupa inayosema "sm 50" ina chembe nene kuliko inayosema "sm 25", fununu imekuwa kesi. Siku hizi mimi ningeshauri kimo kichorwe kwenye mwili wa chupa na kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hupenda kuhama.

Sheria hiyo ya ulaini ina kighairi kimoja. Juu ya ardhi ngumu au yenye mawe chembe zikigonga hudunda juu zaidi kuliko juu ya mchanga mlegevu, kwa hiyo mchanga mnene kiasi kwenye mita moja si lazima uwe kosa. Angalia ardhi iliyo mbele ya mlingoti kabla ya kuhukumu.

Pia kuna mitego iliyobanana. Mtego ulio karibu mno na mwenzake huvuruga hewa inayoingia kwa jirani. Ipangwe kwa kupishana pande za nguzo au iachiwe nafasi ya kutosha.

Mtego wa juu hauna kitu, au una kingi mno

Rudi kwenye mfano wetu. Kwenye mita moja kulikuwa na gramu 0.10 kwa sentimita ya mraba. Kwa kinywa cha MWAC cha sentimita ya mraba 0.5, hiyo ni gramu 0.05 ndani ya chupa. Mizani inayosoma hadi gramu 0.01 ikikosea tarakimu moja tu, umekosea kwa asilimia 20. Mizani hiyo inatosha kabisa kwa mtego wa chini, ila kwa wa juu ni kubahatisha. Tumia inayosoma hadi gramu 0.0001, na kama huna, acha mtego wa juu ukusanye dhoruba kadhaa kabla ya kuupima, ukijua umepoteza uwezo wa kuzitenganisha.

Vumbi laini hung'ang'ania plastiki kwa umeme tuli. Unapindua chupa, unaigonga, unaona imetoka yote, na kumbe ukutani pamebaki utando wa kijivu ambao kwa mtego wa juu ni sehemu kubwa ya mavuno. Njia salama ni kupima chupa tupu kabla, kisha kupima chupa hiyohiyo pamoja na vumbi lake, bila kumimina. Ukilazimika kumimina, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, yale yaliyotoneshwa kama ya kuongezea kwenye betri, na ukaushe maji yote kwenye bilauri ya maabara. Maji ya bomba yakikauka huacha chumvi zake, na chumvi hizo nazo zina uzito.

Kuna pia ufanisi wa mtego. BSNE hukamata sehemu kubwa ya mchanga unaoingia kinywani, lakini vumbi laini hulikamata pungufu, mara nyingi chini ya nusu, kwa kuwa linatoka na hewa kupitia wavu. Kwa hiyo mstari unaoshuka kwa kasi zaidi juu ya sm 50 unaweza kuwa tabia ya mtego na si ya upepo. Kipimo cha ufanisi hutegemea ukubwa wa chembe na kasi ya upepo. Usichukue namba moja kutoka kwa mwenzako ukaizidishia kila kitu.

Je, mtego wa juu umezidi? Kama mita moja na mita mbili zina kiasi karibu sawa, na cha chini ni kidogo, inawezekana ardhi yako haikutoa chochote siku hiyo: vumbi limetoka mbali na lilikuwa limeshajichanganya hewani kabla ya kukufikia. Linganisha rangi na ulaini wake na udongo wa uwanjani. Barabara ya vumbi iliyo upande wa upepo, au trekta iliyokuwa ikilima shamba la jirani, hutoa sura ileile.

Mstari umenyooka, lakini wote uko chini

Umeona kwa macho vumbi likipita, na bado mitego yote ina kidogo. Tazama umbali wa mlingoti kutoka ukingo wa upande wa upepo. Upepo unapoingia kwenye uwanja ulio wazi huanza bila mzigo, na mzigo huongezeka kadiri unavyosonga mbele, kwa sababu chembe zinazorukaruka huamsha nyingine. Mlingoti uliowekwa karibu na ukingo hupima mwanzo wa safari tu. Vizuizi ni hivyohivyo: ua, miti au nyumba hutuliza upepo kwa umbali wa mara kumi ya urefu wake na zaidi. Mara ishirini ndipo ningeanza kupumua.

Kisha ardhi yenyewe. Mvua ya siku mbili nyuma inaweza kuwa imeufunga uso kwa ganda, na vumbi ulilolitazama likawa la mahali pengine.

Udongo umelowa

Hili halina mjadala mrefu. Kausha kwenye oveni kwa nyuzijoto 105 hadi uzito usibadilike tena kati ya vipimo viwili. Kama unataka kupima rutuba au mboji baadaye, kausha kwa joto la chini zaidi na uvumilie. Acha chombo kipoe ndani ya chombo kingine kilichofungwa chenye silika jeli, kwa sababu chombo cha moto hupandisha hewa juu ya mizani na uzito husomeka pungufu, na kilichoachwa wazi hunywa unyevu wa chumba. Mifuko ya karatasi ndiyo mibaya zaidi kwa unyevu. Uzito wake mtupu wa asubuhi si wa jioni.

Jambo moja la kuandika kwenye daftari: kama mvua ilinyesha kabla hujakusanya, matone yalirusha udongo juu, na mtego wa chini umepokea matope ambayo upepo hauhusiki nayo. Hakuna namna ya kuyatenganisha baadaye.

Vihisi vinasema vingine

Kihisi cha migongano, kile chenye pete ya pizo (fuwele inayotoa umeme ikigongwa) inayohesabu chembe zinazoigonga, huonyesha sifuri wakati mitego imejaa, au huhesabu usiku mzima pasipo upepo. Sifuri: angalia waya, kisha kimo, kwa maana hata chenyewe huzikwa. Hesabu za uongo: mvua, wadudu, au waya unaopigapiga nguzo. Kumbuka pia kwamba hakisikii vumbi laini, lina msukumo mdogo mno, na kwamba pete si lazima isikie sawa pande zote. Ukimimina mchanga uliopimwa kutoka kwenye faneli, kwa kimo kilekile, kabla na baada ya msimu, utajua kama usikivu umeshuka.

Kihisi cha mwanga, kinachopima vumbi kwa jinsi linavyotawanya leza, kina maradhi mawili makubwa. Lenzi ikichafuka, namba ya hewa safi hupanda polepole siku hadi siku. Kipime mara kwa mara kwa chujio la hewa safi kwenye mlango wake. Na unyevu wa hewa ukipita asilimia 80 hivi, chembe nyingi huvimba kwa maji na kihisi huona vumbi lisilokuwepo. Zaidi ya hayo, kilisawazishwa kiwandani kwa vumbi la aina fulani, na lako lina rangi na umbo lingine. Kiweke kwa muda kando ya pampu yenye chujio la kupimwa uzito, upate uwiano wako mwenyewe.

Watu wengi huweka viwili kwa vimo tofauti ili kukadiria vumbi linalopanda kutoka ardhini: tofauti ya kiasi, ikizidishwa kwa 0.4 na kwa kasi ya msuguano (kipimo cha jinsi upepo unavyoikokota ardhi), kisha kugawanywa kwa logi asilia ya uwiano wa vimo. Tuseme kihisi cha mita 1 kinasoma mikrogramu 1000 kwa mita ya ujazo na cha mita 4 kinasoma 900, kasi ya msuguano ikiwa mita 0.5 kwa sekunde. Jibu ni takriban mikrogramu 14 kwa mita ya mraba kwa sekunde. Lakini kihisi kimoja kikiwa na kosa la asilimia 5, hiyo ni mikrogramu 50, nusu nzima ya tofauti unayoitegemea. Vibadilishane nafasi kwa saa moja. Tofauti ikihama pamoja na kihisi, ilikuwa ya kihisi.

Anemomita za vikombe, zinazopima kasi ya upepo, nazo huchoka kwa vumbi. Kwenye ardhi tambarare, kasi ikichorwa dhidi ya logi ya kimo hutoa mstari ulionyooka. Ya chini, inayokula mchanga zaidi, ndiyo huanza kushuka chini ya mstari. Usiipuuze. Bagnold, mtafiti wa mchanga wa jangwani, alionyesha tangu kitabu chake cha mwaka 1941 kwamba mchanga unaosafirishwa hukua kama mchemraba (kipeo cha tatu) wa kasi ya msuguano, kwa hiyo kosa la asilimia 10 kwenye kasi huwa takriban asilimia 33 kwenye makadirio ya mchanga.

Kila mtego uko sawa, jumla haiaminiki

Hili ndilo tatizo linalozua ugomvi mwingi kati ya vikundi viwili vilivyopima uwanja mmoja, na halina uhusiano na vyombo. Unataka jumla ya udongo uliopita kwenye ukanda wa upana wa mita moja, kutoka ardhini hadi kimo fulani. Unaoanisha mstari na nukta zako, kisha unajumlisha eneo lililo chini yake. Nukta za mfano wetu zinafuata kanuni ya kipeo, ile inayotoa mstari ulionyooka kwenye karatasi ya logi, yenye kipeo cha hasi 1.3. Jumlisha kutoka sm 10 hadi mita moja: unapata kilo 3.3 kwa kila mita ya upana. Anza sm 1 badala ya sm 10: kilo 10. Anza milimita 1: kilo 23. Ukianzia sifuri kabisa, hesabu haina mwisho.

Nukta ni zilezile nne. Kilichobadilika ni mahali ulipoamua kuanzia, kwenye ukanda ambao hukuwa na mtego wowote ndani yake. Mwenzako akitumia kanuni ya kieksponenti, ambayo haipasuki karibu na sifuri, atapata namba nyingine tena na mtabishana hadi jua lizame.

Njia ya kupunguza ubishi ni kuongeza mtego mmoja chini ya sm 10, hata kama unasumbua kuutunza, na kutumia kanuni inayobaki na kikomo ardhini. Kuna ile inayojumlisha 1 kwenye uwiano wa kimo kabla ya kuweka kipeo. Nayo hufuata vizuri nukta za chini na za juu kwa pamoja, ila ina namba tatu za kutafuta, kwa hiyo mitego mitatu haitoshi kuipima. Minne ni kidogo, mitano inatosha. Oanisha kwenye logi za namba na si kwenye namba zenyewe, la sivyo mtego wa chini utauburuza mstari wote na wa juu hautahesabika.

Na kwenye ripoti, tenganisha. Andika kilo 3.3 kuwa zimepimwa kati ya sm 10 na mita moja, kisha mstari wa pili uonyeshe kilichokadiriwa chini ya mtego wa mwisho, kwa kanuni gani, kuanzia kimo gani, na vimo vya mitego kabla na baada ya dhoruba.